Viatu vya Watu Kumi na Wanane

"Mama, naomba nisivue," mwalimu wa michezo alinong'ona.

Alikuwa amesubiri wenzake wote wamalize kuvua, ndipo akasogea kwenye jamvi la viatu akijifanya anafunga kamba. Shuleni walimwita Kocha. Jumamosi hiyo alivaa suti ya michezo ya buluu na raba nyeupe alizozipaka chaki ili zing'ae.

Mama Pacha, mke wa mwongozaji, aliinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akichambua. "Ndani kunateleza, mwalimu. Mwamba ule ni kama sabuni. Halafu viatu vinachafua yale mawe meupe, mume wangu hapendi."

"Ametueleza." Kocha aligeuka nyuma. Walimu kumi na saba walikuwa wanachekana miguu, huyu kucha ndefu, yule kisigino kama barabara ya vumbi. Akainama zaidi. "Huu wa kulia hauna vidole viwili. Ni sukari. Walivikata mwaka juzi, wakati wa likizo. Shuleni hakuna anayejua. Mkuu akijua atanipokonya michezo, na anayeitamani nafasi hiyo yuko hapa hapa anacheka."

Mama Pacha aliitazama raba, kisha uso. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyezoea kupuliza filimbi na kutiiwa, na sasa ulikuwa unaomba.

"Pita," alisema. "Tembea nyuma kabisa, ushike ukuta."

"Hutamwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Maharage haya?"

Kocha alicheka kidogo, akamshika bega, akaenda kujiunga na wenzake.

Pango lile halikuwa na geti wala kibao. Lilikuwa tundu chini ya kichaka cha miiba, nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyokwisha kuachwa, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Aliyelijua alilijua kwa kuambiwa. Ndani mlikuwa na vyumba saba na njia zilizogawanyika kama mizizi, na mtu pekee aliyezitembea zote alikuwa mume wa Mama Pacha, mchimba visima ambaye kila mtu alimwita Fundi. Wageni walipopatikana, mara mbili au tatu kwa mwezi, aliweka sururu chini akawasha taa.

Kwa kuwa njia ilimhitaji mbele, Fundi hakuweza kuwa nyuma kuhesabu watu. Hesabu ilikuwa ya mke wake. Kila aliyeingia aliacha viatu kwenye jamvi. Watu wakishatoka na kuvaa, Fundi alibaki mdomoni mwa pango na taa yake ikiwaka, akauliza kwa sauti, "Viatu?" Jozi ikiwa imebaki, alirudi ndani. Mkewe akijibu "Vimeisha," alizima taa. Mtu mwenye sababu ya kuingia na viatu aliwekewa jiwe kwenye jamvi badala yake, na alipotoka jiwe lilitupwa. Kwa miaka kumi na mmoja hesabu hiyo haikuwahi kukosea.

Mama Pacha alikwisha kuliona jiwe la Kocha, dogo la mviringo, karibu na goti lake. Lakini kuliweka pale mbele ya walimu kungekuwa sawa na kupiga mbiu. Lazima mtu angeuliza, hili ni la nani? Wakishaingia, alijiambia.

"Mama!" Mkuu wa shule alimwita, amenyoosha simu. "Tupige picha. Bonyeza hapa, usibonyeze pale."

Akanyanyuka. Picha ya kwanza kidole chake kilifunika nusu ya walimu, wakacheka, naye akacheka. Ya pili Mkuu alikuwa amefumba macho. Ya tatu ikakubali. Wakaingia mmoja mmoja, wakipiga kelele za uoga wa mzaha, na Mama Pacha akarudi kwenye ungo wake.

Walitoka saa saba mchana, matope hadi magotini. Naibu mkuu alikuwa ameanguka kwa makalio na suruali yake ilikuwa na ushahidi. Mwalimu mmoja alivaa viatu vya mwenzake, wakagombea, wakatupiana utani. Jamvi likabaki tupu.

"Viatu?" Fundi aliuliza kutoka mdomoni mwa pango.

Mama Pacha alikuwa bado anacheka habari za suruali. "Vimeisha!"

Taa ikazimwa.

*

Simu ililia saa kumi na dakika arobaini. Fundi alikuwa uani ananawa, mkewe anapuliza mkaa, na mama yake Fundi, Bibi, ameketi kwenye kigoda chake mlangoni. Walimu walikuwa wamekuja kwa basi dogo na gari la naibu mkuu. Wa basi walidhani Kocha yuko garini, wa garini walidhani yuko ndani ya basi. Walijua ukweli walipofika shuleni, ndipo Mkuu akapiga.

"Haiwezekani," Fundi alisema kwenye simu. "Viatu viliisha." Akamgeukia mkewe, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. "Mke wangu, viatu si viliisha?"

Mama Pacha aliliona lile jiwe. Aliliona lilivyo, la mviringo, na mstari mweupe katikati, limekaa karibu na goti lake mchana kutwa.

"Viliisha," alijibu.

Halikuwa neno la uongo. Ndiyo maana lilimchoma zaidi kuliko uongo.

Fundi alichukua taa na kamba akakimbia bila shati. Mama Pacha alimfuata na chupa ya chai, khanga ikimvuka, akajikwaa mara mbili kwenye kokoto bila kuhisi. Alipofika kwenye kichaka mumewe alikuwa ameshaingia. Akapiga magoti kwenye tundu, akasikiliza. Maji yalidondoka huko chini, moja moja, bila haraka.

Fundi alimkuta Kocha katika chumba cha nne, nyuma ya nguzo ya jiwe, ameegemea, jasho linamtoka na huku anatetemeka. Alipomuuliza jina alitaja la mtu mwingine. Akambeba mgongoni, akatoka naye akitambaa.

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza, "Ana ugonjwa wowote?" Mkuu wa shule, aliyekwisha kufika, akatikisa kichwa. "Huyu? Huyu ni mwalimu wa michezo, mzima kama chuma." Mama Pacha alimvuta muuguzi pembeni, hadi kwenye sinki, akamwambia sikioni, "Ana sukari." Muuguzi akamtoboa Kocha kidole, akatazama kipimo, akakimbilia dripu.

"Dakika chache zaidi zingetosha kumpoteza," alisema baadaye.

Mama Pacha aliporudi nyumbani alijifungia bafuni akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Neno lile lilikuwa limemwokoa mtu. Lile jingine, lililohitajika mchana, alikuwa amelikalia.

*

Habari ilizunguka mtaa kabla ya uji wa asubuhi. Mwongozaji amesahau mwalimu pangoni. Mwongozaji hajui kuhesabu. Wengine waliongeza kwamba alikuwa amelewa, ingawa Fundi hajawahi kuonja.

"Kuhesabu watu kwa viatu!" Bibi alisema, akitafuna mkate kwa fizi. "Nashukuru haikuwa kwa meno. Mimi ningebaki humo tangu mwaka wa njaa."

Fundi hakucheka. "Mama, si wakati wake."

"Wakati wa kucheka ni wakati wa msiba, mwanangu. Siku nyingine watu wana kazi." Kisha akamtazama mkwewe, aliyekuwa anafuta meza ileile kwa mara ya tatu. "Na wewe, meza imekukosea nini?"

"Ina mafuta, mama."

"Hm," Bibi alisema.

Jumatatu Fundi alikwenda shuleni kuomba radhi. Mama Pacha ndiye aliyempigia pasi shati, lile la mikono mirefu alilovaa mapacha walipofaulu kwenda sekondari. Alipiga pasi kola, akageuza, akapiga tena. Kila mara alipofungua mdomo, mvuke ulimpanda usoni akaufumba.

"Nitawaambia nini?" Fundi aliuliza, akifunga vifungo. "Usiku kucha nimehesabu upya kichwani. Nilimbeba na raba zake miguuni. Labda alipita nazo tusimwone?"

"Waambie umekosa," alisema mkewe. Papo hapo alitamani ulimi ukatike.

Walinzi walimketisha kwenye benchi nje ya geti kwa saa mbili. Wanafunzi walipita wakimwonyesha kidole. Mwishowe Mkuu aliongea naye dirishani, yeye ndani, Fundi nje, juani, kofia mkononi. "Wewe kazi yako ni mashimo," Mkuu alimwambia. "Watu waachie wanaojua watu." Mambo hayo Fundi aliyasimulia jioni bila hasira, akiwa anavua shati taratibu kama linalouma, na mkewe alilipokea akalitundika.

*

Siku iliyofuata Mama Pacha alibeba machungwa, akaenda zahanati.

Kocha alikuwa amelazwa dirishani. Alipomwona alivuta shuka likafunika miguu, kisha akaona ni nani, akaliachia.

"Shikamoo," alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Nashuka na kupanda, kama sukari yenyewe." Akajaribu kutabasamu. "Muuguzi ameniambia ni nani aliyemnong'oneza. Ahsante."

"Usinishukuru, mwalimu. Mimi ndiye niliyesahau jiwe."

Akamweleza. Kocha alisikiliza huku anamenya chungwa kwa kucha, ganda likitoka refu bila kukatika. Alipomaliza, hakulila.

"Nilikaa nyuma ya ile nguzo nipumzishe mguu," alisema. "Dakika moja tu. Kuinuka, naona taa zimepinda kona. Simu yangu ikaisha chaji. Lile pango linaleta sauti kama bomba, mama. Nilimsikia mume wako akiuliza. Nikakusikia wewe ukijibu. Nikaita kwa nguvu zangu zote." Aliligeuza chungwa mkononi. "Nyinyi mlikuwa mnacheka."

Mama Pacha alishika ukingo wa kitanda.

"Kesho wanamketisha mume wangu ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa," alisema. "Watamzuia pango. Wanasema hakuhesabu. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya kusema habari ya mguu?"

"Ya kusema kwa nini ulipita na viatu."

Kocha alifumba macho. "Mkuu alikuja jana. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Pona haraka, Kocha, mashindano yanakungoja.' Kisha akaniuliza ilikuwaje. Unajua nilimjibu nini?" Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakaingia masikioni, asiyafute. "Nilisema mwongozaji hakutuhesabu. Nimeshasema, mama. Nina watoto watatu, baba yao aliondoka walipokuwa wadogo. Ile posho ya michezo ndiyo kodi ya nyumba. Nimemsingizia mtu aliyenibeba mgongoni."

Chumba kilinuka dawa na machungwa. Kwenye kitanda cha pili, bibi kizee alikohoa, akageukia ukutani, kama anayewapa faragha.

Mama Pacha angeweza kukasirika. Alijaribu, hasira haikuja. Kila alipoitafuta alikuta goti lake na lile jiwe.

"Habari ya mguu wako sitaisema," alisema hatimaye. "Nilikuahidi. Lakini mume wangu hawezi kubeba kosa la watu wawili na yeye hana hata moja."

"Sasa utasema nini?"

"Sijui. Kula chungwa lako."

*

Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati lisilofungika na benchi la watuhumiwa, ambalo siku nyingine lilikuwa benchi la wanaosubiri barua. Mkuu wa shule alipewa kiti. Fundi alipewa benchi. Wake kwa waume wa mtaa walisimama mlangoni na madirishani, na Mama Pacha miongoni mwao.

"Uliingiza watu wangapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kumi na wanane."

"Ukatoa wangapi?"

"Nilidhani kumi na wanane. Viatu viliisha."

"Mimi nimeuliza watu, wewe unajibu viatu. Viatu vina roho?"

Watu dirishani wakacheka. Fundi alitazama mikono yake, mikono iliyochimba visima vya nusu ya waliokuwa wanacheka.

"Mimi naona lifungwe," Mkuu alisema. "Au apewe mtu mwingine, kijana aliyesoma, mwenye orodha. Huyu arudi kwenye mashimo yake."

"Una la kujitetea?" mwenyekiti aliuliza.

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na hakuona haki ya kusema zaidi ya alichokijua. "Sina," alisema. "Mtu alibaki. Mimi ndiye niliyeingia naye."

"Nilisinzia," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Wote wakageuka. Mama Pacha alisukuma bega moja na jingine akaingia.

"Hesabu ya viatu ni yangu, mwenyekiti, si yake. Mume wangu huuliza, mimi hujibu. Siku ile jua lilikuwa kali, nikasinzia baada ya ile picha, wakati wanaingia. Sikuona nani amevua na nani hakuvua. Alipouliza, nikajibu tu. Mwalimu hana kosa, hakuna aliyemzuia. Mume wangu hana kosa. Kosa ni langu peke yangu."

"Usingizi!" Mkuu alipiga goti. "Mtu nusura afe kwa sababu ya usingizi wa mwanamke mmoja!"

"Na mapema hivyo?" mwanamke mmoja dirishani akadakia. "Usiku anafanya nini?"

Kicheko safari hii kilikuwa kikubwa. Mama Pacha alisimama katikati yake, mikono imeshika pindo la khanga. Katika kelele zile aliona kitu kimoja tu: mumewe hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Mwenyekiti aliamua kwa maneno machache. Fundi ataendelea. Ataandika majina kwenye daftari. Mke wake asionekane tena pangoni siku ya wageni.

Walipokuwa wanarudi, kijana mmoja wa kuosha pikipiki aliita, "Mama Usingizi, umeamka?" Jina likakaa. Majina ya namna hiyo hayahitaji gundi.

*

"Mimi mkwe wangu namjua," Bibi alisema walipofika. "Hata mbu akipita humu ndani yeye humhesabu. Asinzie mchana?" Kisha, kwa hekima ambayo hakuionyesha mara nyingi, akabeba kigoda chake akaenda kwa jirani.

Fundi alikaa kwenye kochi. Mkewe alibaki amesimama.

"Kwenye matanga ya baba ulikesha siku nne," Fundi alisema. "Mapacha walipougua surua hukufumba jicho wiki nzima. Hukusinzia."

"Sikusinzia."

"Unamficha nani?"

"Kuna neno si langu, mume wangu. Nilipewa nilishike."

"Na ulijua tangu ile simu ilipolia."

"Tangu ile simu."

"Nimekaa kwenye benchi la shule, ukijua. Umenipigia shati pasi, ukijua."

"Ndiyo."

Alingoja amtukane. Ingekuwa nafuu. Fundi alichokonoa sugu ya kiganja.

"Nilianza kuamini kwamba kweli nimezeeka," alisema. "Hicho ndicho kibaya. Si Mkuu, si benchi. Nilianza kujiogopa mwenyewe."

Mama Pacha alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na Fundi hakunyanyuka kumbembeleza. Mkewe aliona kwamba anastahili kutonyanyukiwa.

Alipotulia, alisema, "Nipeleke."

"Wapi?"

"Alipobaki. Miaka yote nimekaa mlangoni, sijawahi kupita ile kona ya kwanza. Nataka kujua nilimwacha wapi."

*

Walikwenda kesho yake asubuhi, siku isiyo na mgeni. Fundi alitangulia, taa mkononi, akimwambia wapi pa kuinama na wapi pa kukanyaga kwa kisigino. Hakusema jingine. Mwamba ulikuwa baridi chini ya nyayo zake. Mawe meupe yalining'inia kama nguo zilizoanikwa zikasahaulika. Vilikuwa vitu vizuri, na Mama Pacha aliona haya kuviona ni vizuri.

Katika chumba cha nne Fundi aliinua taa. "Hapa." Nyuma ya nguzo palikuwa na alama ya mtu aliyekaa, na mburuzo wa visigino.

Mama Pacha aliketi palepale. "Nenda na taa mpaka nje. Nikae kwa saa nne, kama yeye. Kisha uje."

"Hutaweza."

"Yeye aliweza?"

Fundi alisita, kisha mwanga ukaondoka ukutani, ukapinda, ukakatika.

Giza lile halikuwa giza la usiku. Alinyanyua mkono mbele ya uso, hapakuwa na mkono. Alisema moyoni kwamba atahesabu matone hadi elfu. Alifika sitini na kitu, akapoteza. Akaanza tena. Aliwaza jinsi wenziwe Kocha walivyocheka huko juu, na sauti yake mwenyewe, nyepesi, yenye furaha, ikishuka mpaka hapa. Hakuwa amekusudia kuita, lakini aliita, jina la mumewe, lile analoliita ndani ya nyumba tu.

"Niko hapa," Fundi akajibu.

Alikuwa karibu kiasi kwamba alisikia pumzi zake. Alikuwa amezima taa tu, akasimama hatua tatu, ukutani.

"Nilikwambia utoke."

"Nilikusikia."

"Muda gani umepita?"

"Kama dakika kumi. Labda hazijafika."

Mama Pacha alifunika uso kwa viganja, ingawa hapakuwa na wa kumwona. "Yeye aliita, hapakuwa na mtu hatua tatu."

Fundi hakumwambia yamepita. Mkewe alimsikia akipapasa ukuta, akishuka taratibu, magoti yakilia, mpaka bega lake likagusa la kwake kwenye jiwe la baridi.

"Niwashe?" aliuliza.

"Bado," alisema mkewe. "Kaa kwanza."

Akakaa.